Sauti ya Mwanamke Sebuleni

Mwalimu Apolinary alikuwa amestaafu kufundisha, lakini kuandika hakuwahi kustaafu. Jumamosi moja asubuhi, nyumbani kwake Kaagya, aliketi sebuleni na kompyuta aliyoachiwa na binti yake Renatha, akiandaa hotuba ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti huyohuyo kabla ya harusi. Alikuwa amefika mahali patamu. Kiganja cha kushoto kikiwa kimelalia vitufe vya pembeni, akagonga Enter ili aanze aya mpya.

Kompyuta ikaanza kusema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiingereza cha puani, haivuti hata pumzi. Kila Apolinary alipogusa kitufe, mwanamke alikitaja. Akaifunga kompyuta, pakawa kimya. Akaifungua taratibu kama anayechungulia chungu jikoni, na mwanamke akaendelea.

Mkewe Kokuberwa, aliyekuwa akimenya ndizi, alitokea mlangoni na kisu mkononi.

"Baba Renatha, una mgeni?"

"Sina mgeni. Ni kompyuta."

"Kompyuta ya kike?"

Hapo mwanamke akaivamia hotuba yenyewe, akaisoma kwa ulimi wa Kizungu. Hakueleweka hata kidogo, ila katikati likachomoza neno moja: "Kokyu-bea-wa."

"Waitu! Ananitaja!"

Apolinary alihisi masikio yakiwaka. Yale aliyoyaandika pale hakuwahi kumwambia mkewe tangu waoane. Alipanga kuyasema ukumbini, mbele za watu, ambako asingekatizwa. Haraka akampigia Renatha, aliyekuwa Bukoba mjini.

"Baba, nani huyo anayeongea hapo?"

"Ndiye ninayetaka aondoke!"

Renatha alicheka hadi simu ikakwaruza. "Umewasha kisoma skrini, Baba. Kinawasaidia wasioona. Shika Control pamoja na kile chenye alama ya dirisha, usiachie, halafu bonyeza Enter."

Alijaribu, lakini kwa ile haraka yake kila mara aliachia kimoja kabla hajagusa kingine, na mwanamke akazidi kumsimulia makosa yake. Kokuberwa akaweka kisu mezani, akafuta utomvu vidoleni.

"Wewe shika hivyo viwili tu."

Akabonyeza Enter yeye mwenyewe. Mwanamke akatamka neno la kuaga, akanyamaza.

"Haya," alisema Kokuberwa akivuta kiti. "Alikuwa anasema nini juu yangu?"

"Utasikia siku yenyewe."

"Yeye ameshasoma, mimi nisubiri?"

Apolinary akakohoa, akasoma. Alisoma jinsi alivyomwona mara ya kwanza sokoni Kagoma, akiuza maharage, naye akasahau kabisa alichotumwa kununua. Akasoma kwamba subira aliyonayo Renatha hakuirithi kwa baba. Hapo akajifanya anatafuta mstari.

Kokuberwa akatikisa kichwa.

"Hayakuwa maharage, zilikuwa karanga," alisema. "Ulinunua, ukaondoka, ukarudi kununua tena. Mama yangu alikucheka sana."

"Nirekebishe?"

"Rekebisha. Ila hiyo ya subira iache ilivyo."

Akaanza kurekebisha, mkewe ubavuni akimkumbusha hili na lile, na hotuba ikarefuka. Chakula cha mchana kilichelewa siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.