Siri Iliyoombewa

Alikuwa amefumba macho, mikono ameituliza mapajani, aliposikia siri yake ikiombewa.

Mwanzoni hakuitambua. Ilikuja imepambwa kwa maneno mazuri, kama mtu wa nyumbani unayepishana naye njiani amevaa nguo za harusi, ukamsalimu kama mgeni.

"Baba," rafiki yake, aliyeitwa Sauti, alikuwa akiomba, "mwezi mzima tumekusihi utukuze katika upendo na utakatifu. Lakini tutakuaje, Baba, ikiwa kati yetu yupo aliyebeba giza? Yupo binti yako humu ndani, Bwana, aliyemuuguza mama yake miaka minne, kisha akachoka. Akakuomba umchukue. Alikuomba kifo, Baba, na kifo kikaja. Mponye binti yako. Msafishe."

Akina mama kumi na wanane walioketi kwenye viti vya plastiki, katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, walivuta pumzi kwa pamoja. Kisha wakaitika amina, na amina ile ilikuwa nzito kuliko zote za alasiri ile ya Jumatano.

Jina halikutajwa. Lakini katika kikundi kile mwanamke aliyeuguza mama miaka minne alikuwa mmoja tu, naye aliketi safu ya pili, masikio yakimwaka moto. Bi Pasi hakufumbua macho, kwa kuwa hakujua atayaelekeza wapi. Viti viwili nyuma yake aliketi wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kutiwa komeo. Alimsikia akijikohoza kidogo. Kikohozi kile kilimwambia kwamba kabla jua halijazama kaka mtu atakuwa amekwisha kuambiwa.

Jina la Bi Pasi alipewa kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali, alikofanya kazi miaka kumi na minne. Sauti alimkuta pale, na jina lake yeye lilitokana na kuomba. Alikuwa na sauti ya kuwaliza watu hata akiombea chakula. Kwa miaka kumi na mmoja, wawili hao walikunja shuka pamoja. Shuka la hospitali halitaki mtu mmoja. Huyu hushika pembe mbili na yule mbili, wakalivuta likanyooka, kisha wakatembea kuelekeana mpaka vidole vikagusana. Ukigusana vidole na mtu mara mia mbili kwa siku, kumficha jambo ni kazi ngumu kuliko kumwambia.

Saa saba mchana, mashine zikipumzishwa, waliketi juu ya marobota ya shuka safi, kila mmoja akamwombea mwenzake kwa jina. Ni hapo, miezi mitatu baada ya mazishi, Bi Pasi alipoitoa ile siri. Alilia mpaka kwikwi zikamshika. Sauti naye alilia. Alimshika magoti akamwambia, "Limefia hapa hapa, dada. Hata malaika akija kuniuliza, nitamwambia arudi alikotoka." Wakacheka huku machozi yakiwatiririka, na Bi Pasi akarudi kwenye pasi yake akiwa mwepesi, akidhani kwamba maana ya kuwa na ndugu katika imani ndiyo hiyo.

Kaka yake hakukawia. Alhamisi, wakati wa mapumziko ya asubuhi, Bi Pasi alimkuta amesimama kwenye lango la nyuma la hospitali, shati limepigwa pasi vizuri, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule iliyo mwendo wa nusu siku kutoka pale, na katika miaka ile minne ya ugonjwa alikuja mara mbili kwa mwaka, akakaa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akasema mama anaendelea vizuri, akaondoka.

"Nijibu neno moja tu," alisema bila salamu. "Ndiyo au hapana. Ulimwombea mama kifo?"

"Ndiyo."

Kaka alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Jibu lile lilimkosesha pa kushika. "Ndiyo? Basi?"

"Umetaka neno moja, kaka."

Aligeuza uso, akatazama magari ya wagonjwa yaliyoegeshwa uani. Aliporudisha macho yalikuwa mekundu. "Jumamosi unatimia mwaka. Tutafanya ibada kaburini. Usije. Siwezi kusimama na wewe mbele ya mama."

Bi Pasi alikuwa na sentensi moja mdomoni. Angeitamka, mwalimu mkuu yule angeketi chini pale pale, kwenye vumbi.

Ilikuwa mchana, mwezi mmoja kabla ya msiba. Alikuwa akimgeuza mama ubavu, akipaka dawa vidonda vya mgongoni, mama akamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo hakujua kama bado anazo. "Niombee nipumzike, mwanangu. Mimi nimeomba sana, sijibiwi. Labda wewe utasikilizwa." Kisha akaongeza: "Ila kaka yako usimwambie. Atadhani nilichoka kumngoja."

Akaomba. Alipiga magoti juu ya mkeka, kiganja cha mama kikiwa kichwani pake, akaomba. Na aliposema amina alihisi mabega yake mwenyewe yametuliwa mzigo. Wepesi ule ndio uliomfukuza mwaka mzima, maana hakuwa na hakika kama alimwombea mama au alijiombea mwenyewe. Hilo ndilo alilomwambia Sauti. Maneno ya mama hakumwambia Sauti wala mtu mwingine yeyote.

Alimtazama kaka yake, mvi zilizoanza kumtambaa ndevuni, zimemwotea pale pale zilipomwotea baba yao.

"Nimesikia, kaka," alisema. "Safari njema."

Ijumaa, mashuka yalikuwa mlima. Msimamizi hakujua habari za kanisani na hakuwa na haja ya kuzijua. Wodi ya upasuaji ilingoja. Yeye na Sauti wakashika pembe, kila mtu zake. Wakavuta. Wakaanza kutembea kuelekeana, na kwa mara ya kwanza Bi Pasi aliachia pembe zake kabla vidole havijagusana. Shuka likaanguka sakafuni.

"Dada," Sauti alisema kwa upole, akiinama kuliokota, "najua umekasirika. Lakini sikukutaja jina."

"Ungeacha kutaja miaka minne, ningekushukuru."

"Nilikuwa naomba. Sikukusengenya. Roho ndiye aliyenisukuma, na yakishaanza kutoka, mimi siwezi kuyazuia. Nilikuombea kwa upendo, dada. Nilitaka uwe huru."

Cha ajabu, alikuwa akisema kweli. Bi Pasi alimfahamu vya kutosha kuona kwamba hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Angekuwa mwongo, angemchukia, yakaisha.

"Tulikuwa tunaombeana hapa, juu ya marobota," alisema. "Mungu alikuwa hatusikii hapa?"

"Alikuwa anatusikia."

"Basi pale ukumbini ulikuwa unamwambia nani?"

Sauti alilitazama shuka chafu mikononi mwake. Akalikumbatia kifuani, akasema taratibu, "Hili itabidi lirudi kwenye mashine," akaenda nalo.

Jumamosi Bi Pasi alibaki nyumbani. Alifagia chumba alicholala mama, ingawa hakikuwa na uchafu. Ilipofika saa saba mwili ulimkumbusha wenyewe kwamba ni wakati wa kuomba, kama unavyomkumbusha njaa. Akaketi ukingoni mwa kitanda kisicho na godoro.

"Bwana," alianza, "mkuze Sauti katika upendo na utakatifu." Yakatoka vizuri. "Mwonyeshe alilolitenda. Mwonyeshe mbele ya watu wale wale. Mfunge kinywa chake kwa siku chache tu, Bwana, ajue uzito wa neno." Akakoma hapo. Alisikia maombi yake jinsi yalivyokuwa, jiwe lililofungwa kwenye kitambaa cheupe. Akajaribu tena, akachagua maneno laini zaidi, na jiwe likawa pale pale.

Akaona amruke Sauti kwanza, aombee wengine. Akaanza kuwapitia akina mama wa kikundi mmoja mmoja kwa jinsi walivyozoea kuketi, kuanzia mlangoni. Mshona magauni. Mke wa mzee wa kanisa. Nesi mstaafu. Kisha kiti cha pembeni, karibu na dirisha, ambacho kwa miaka miwili hakikuwa na mtu wa kudumu.

Kiti cha muuza mboga.

Alijua sababu ya kiti kile kuwa wazi, kila mtu aliijua. Sauti alikuwa ameomba, kwa machozi, kwa ajili ya "binti mdogo wa shule aliyeharibikiwa, na mama aliyelala wakati wa kukesha". Juma lililofuata muuza mboga hakuja, wala juma lililofuata hilo. Lakini Sauti aliyapata wapi? Bi Pasi alilitafuta jibu kama mtu anayepapasa mfukoni akitumaini kwamba hatakikuta anachojua kimo. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka shuka wodini siku ile. Yeye ndiye aliyemwona binti wa muuza mboga kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito, amejifunika uso kwa daftari. Na saa saba ilipofika aliketi juu ya marobota, akasogeza kichwa karibu na cha mwenzake, akasema: "Nakwambia ili tumwombee."

Na ukumbini, Jumatano ile ya miaka miwili iliyopita, amina yake ndiyo iliyotangulia.

Alikaa pale mpaka kivuli cha dirisha kikahama kutoka ukutani hadi sakafuni. Halafu akavaa viatu.

Soko lilikuwa limepoa. Wateja wa asubuhi walikwisha kuondoka na wa jioni hawajaja. Muuza mboga alikuwa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimenya maharage mabichi na kuyatia kwenye beseni. Chini ya meza yake mtoto wa kike wa mwaka mmoja na ushei alikuwa akizungumza na kitunguu.

"Kumbe njia ya huku unaijua," alisema muuza mboga. Hakuinua uso.

"Habari za siku nyingi, dada."

"Siku nyingi ni zako. Mimi nipo hapa kila siku."

Bi Pasi alibaki amesimama. Njiani alikuwa amepanga maneno, na yote yalikuwa yamebaki njiani. "Mimi ndiye niliyemwambia Sauti," alisema. "Habari za binti yako. Nilimwona kliniki."

Mikono ya muuza mboga ilisimama. Ganda moja lilimponyoka likaanguka. Alimtazama Bi Pasi kwa muda mrefu, kuanzia miguuni, kama anayemkadiria mtu upya.

"Nilijua ni mtu wa hospitali," alisema mwishowe. "Nikajua ni yule nesi jirani yangu. Miaka miwili nimemnunia. Nimekataa kumwuzia hata bamia. Kumbe nimemnunia bure mtoto wa watu." Akatikisa kichwa, na kitu mfano wa kicheko kikampita puani bila kufika usoni. "Itabidi nikamwombe radhi. Umeniongezea kazi."

"Nisamehe."

"Usiniharakishe." Akarudi kwenye maharage. Ganda la kwanza, la pili, la tatu. Kisha kwa mguu akasukuma kreti tupu kuelekea alikosimama mgeni wake. "Kaa, unanizibia wateja."

Bi Pasi akaketi. Baada ya kitambo alichukua maharage kwenye rundo, naye akaanza kumenya. Hakuna aliyemkataza.

"Nimesikia yaliyokukuta Jumatano," muuza mboga alisema. "Sokoni hapa habari hufika kabla ya mboga. Na mimi sikufurahi. Nilidhani siku moja yakikukuteni nyinyi nitafurahi. Nilijiandaa kabisa. Ikaja, nikakosa hamu." Akaokota jiwe dogo kwenye beseni akalitupa. "Ni kweli ulimwombea hivyo mama yako?"

"Kweli."

"Alikuwa anaumia?"

"Sana."

Mtoto alitambaa kutoka chini ya meza, akajivuta akasimama kwa kushika goti la Bi Pasi, akamkabidhi kitunguu kwa heshima zote.

"Anaitwa nani?"

"Jina lake sikupi."

Yalisemwa bila hasira, kama mtu anayekutajia bei.

"Nilitaka nimwombee tu."

"Mwombee hivyo hivyo. Unayemwomba anamjua."

Basi Bi Pasi akamwombea hivyo hivyo, kimyakimya, kitunguu mkononi. Hakupata maneno mengi. Akamwombea na mama wa mtoto, binti yule wa kliniki, ambaye watu walisema amerudi shule. Akamwombea nesi aliyenyimwa bamia. Akamwombea kaka yake, ambaye saa ile bila shaka alikuwa akirudi kutoka kaburini amevaa viatu vyake vya vumbi, asijue jinsi mama alivyomngoja.

Mteja alikuja akachagua nyanya, akaondoka. Muuza mboga alifunga tena khanga yake kiunoni, akamtazama Bi Pasi, ambaye mikono yake ilikuwa imetulia juu ya maganda.

"Umemaliza?"

"Bado. Amebaki mmoja."

Muuza mboga aliinuka kidogo kwenye ndoo. Alinyoosha mkono, akalivuta turubai la kibanda chake mpaka kivuli kikamfikia mwenzake usoni.

"Huyo," alisema, "mimi kumwombea kulinichukua mwaka mzima."

Akachukua ganda jingine, akalipasua.