Mlango Mmoja wa Mwajidila

Jumatatu ya wiki ya Krismasi, saa moja na nusu asubuhi, Zipora alipiga hodi kwa Bujiku akiwa na tope hadi magotini na kadi za chama kwenye mkoba wa ukindu. Ilikuwa nyumba ya kwanza ukitokea barabara ya Shinyanga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na siku kama hiyo mtu mwenye akili zake yuko shambani anapanda pamba. Ndiyo maana Zipora alijihimu, awakute watu kabla hawajabeba majembe.

Zipora, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Scolastika, alikuwa na miaka thelathini na minne, darasa la sita la misheni, na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimefungiwa na Waingereza miaka minne, sasa kimefunguliwa, na uchaguzi wa kwanza ulikuwa unakuja mwezi wa pili. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba hapo Mwajidila.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Kaa. Kuna uji."

Alikaa, akanywa uji, kisha akapanga juu ya kigoda punje ya mahindi, choroko na karanga. "Kura ni tatu, Baba. Mzungu mmoja, Mhindi mmoja, Mwafrika mmoja. Ukimchagua wa kwetu peke yake, karatasi yako imeharibika."

Bujiku alizitazama zile punje. "Yaani kama kuoa. Unamtaka binti, unapewa na mama mkwe na shangazi."

"Ndivyo hivyo."

"Basi hayo nimeyazoea," alisema Bujiku, akaila karanga.

Kuchagua hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuandikwa. Sheria ilimtaka mpiga kura awe na shule ya kutosha au kipato cha kutosha. Shule Mwajidila hakuna aliyekuwa nayo ya kutosha, hata Zipora alipungukiwa madarasa mawili. Kuhusu kipato, karani wa uandikishaji, kijana mmoja mwembamba aitwaye Cornel, alikuwa amefika mwezi uliopita akamuuliza Bujiku ana ng'ombe wangapi. Usukumani mtu haulizwi hivyo, tena na mtu wa bomani, maana mara ya mwisho ng'ombe walipohesabiwa, wengine walichukuliwa na hawakurudi. Bujiku akajibu kwamba wapo wawili watatu, na nyuma yake ng'ombe mia mbili wakawa wanalia kwa zamu.

Cornel hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka. Akajitungia njia yake ya kutumia akirudi wiki ya Krismasi kuandika: nyumba yenye mlango wa mbao na kitasa ni ya mwenye kipato, kwa sababu anayefunga ana cha kufungia. Nyumba ya mlango wa mabua, wa miiba au wa ngozi haina mpiga kura. Mwajidila ilikuwa na nyumba ishirini na nne, na mlango wa mbao ulikuwa mmoja tu, wa Zipora.

Mlango huo ulitoka Geita. Mumewe, Thobias, alikuwa seremala mgodini huko, akichonga magogo ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasianguke, na kila mwaka aliahidi kuja kula Krismasi nyumbani. Mwaka juzi lori la mzigo lilisimama mbele ya nyumba, likashusha mlango wa mninga na barua. "Ruhusa imekosekana," barua ilisema. "Natuma mlango. Uupokee vizuri." Zipora alilia nusu saa, kisha akaupokea vizuri. Ulikuwa mlango mzito, usiosema sana, na kama aliyeuchonga, siku za sikukuu haukutulia nyumbani.

Kwa hiyo wakati Bujiku anaulizia Mhindi gani na Mzungu yupi, mlango ulifika. Ulikuwa umejing'oa kwenye fremu pamoja na bawaba zake, ukatembea kwa pembe za chini, moja baada ya nyingine, kama kabati linavyohamishwa na watu wawili, isipokuwa watu hawakuwepo. Waliokuwa njiani wakienda mashambani waliupisha kwa sababu ulikuwa mpana.

"Karibu," alisema Bujiku. Aliuondoa mlango wake wa mabua, akaupeleka kwenye banda la mbuzi, na mlango wa mninga ukajisimamisha mahali pake.

"Nyumba umeiachia nani?" Zipora aliuliza.

Mlango ulilia kidogo kwenye bawaba. Zipora alikuwa bado anaugombeza kwa ajili ya mbuzi watakaoingia kula unga wake, baiskeli ya Cornel ilipotokea. Karani alishuka, akagonga ubao kwa vifundo vya vidole, akazungusha kitasa, akafungua kitabu. "Bujiku, mkulima. Ana mlango." Bujiku alichora alama yake, na karani akapanda baiskeli. Mlango ulikula viazi vikavu vya michembe vilivyopondwa na karanga, kidogo kidogo, kupitia tundu la ufunguo, ukapakwa samli kwenye bawaba, ukashukuru kwa namna yake, ukaondoka kuelekea nyumba ya pili.

Siku mbili zilikwenda hivyo, na zilikuwa siku nzuri. Wanawake walikuwa wanapaka kuta udongo mweupe, watoto wanajaribu nguo mpya na kukatazwa kukalia chini, na kila ua ulinuka samli. Zipora alitangulia na punje zake tatu, mlango ukafuata nyuma, na karani nyuma ya mlango. Kila nyumba ilimlisha Zipora na kila nyumba ililisha mlango. Jumanne mchana mlango ulikuwa umevimba kidogo, ila fundi yeyote angekuambia kwamba mvua huvimbisha mbao.

Kwa Nyamizi, mke mdogo aliyekuwa na mtoto wa wiki tatu, Cornel alisimama na kalamu hewani.

"Mlango huu nimeuona."

"Ndiyo, ni huohuo," alisema Nyamizi. "Umetoka kwa jirani yetu Maduhu sasa hivi."

Karani alifikiri. Alitoa mfukoni karatasi yake ya maagizo, akaisoma mbele na nyuma. "Sheria inauliza kama nyumba ina mlango," alisema hatimaye. "Haiulizi asubuhi ulikuwa wapi." Akaandika.

Zipora alicheka hadi akashika ukuta. Alikuwa na sababu yake ya kufurahi, mbali na chama. Jina lake lilikuwa limeandikwa mara mbili tu maishani, siku ya ubatizo na siku ya ndoa, na mara zote mbili aliyeshika kalamu ni padri. Mwezi mzima sasa alikuwa anafanya mazoezi ya sahihi kwenye majivu ya mekoni, Z yenye mkia mrefu, na kuifuta kabla watoto hawajaamka. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini. Alitaka kitabu kijae kwanza, kisha aweke mkia huo chini ya wote.

Jumatano, mkesha wa Krismasi, zilibaki nyumba mbili, ya Mbuke na ya kwake, na katikati kulikuwa na shamba la mihogo la kuvuka kwa dakika tano. Mbuke alikuwa amepita miaka themanini na hakumbuki tena kwa kiasi gani. Cornel alifika saa nane mchana, jasho linamtoka, maana treni ya kwao Tabora ilikuwa inaondoka Shinyanga saa kumi na mbili, mwendo wa saa tatu na ushei kwa baiskeli kwenye tope, na mkewe alikuwa amemwambia kwamba akikosa Krismasi hii asihangaike kuja ya mwakani. Akaugonga mlango, akazungusha kitasa, akaandika. Bibi akaweka dole gumba, akalitazama lile doa kwenye kitabu.

"Huyo ni mimi?" aliuliza.

"Ndiye wewe, Bibi."

"Mbona nimenenepa." Akanyanyuka, akashika mchi. "Haya, kaeni. Natwanga."

Cornel alisema ana treni. Mbuke alimsamehe, kwa kuwa mtu wa serikali hana adabu na si kosa lake. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kuambiwa ukae. Usukumani mgeni aliyeambiwa akae haondoki wakati kinu kinalia. Ni kumtukana mwenyeji mbele ya majirani. Na Mbuke alikuwa anatwanga kwa mkono wa miaka themanini, mchi mmoja, pumzi mbili, hadithi moja, mchi mwingine.

Zipora alisimama uani. Alimwona karani anasukuma baiskeli kwenye njia ya mihogo, kuelekea kwake. Aliutazama mlango. Mlango nao ulisimama kwa heshima, pembe zake zimeshikamana, lakini kitasa kilikuwa kinatetemeka. Neno moja tu kwa Mbuke lingetosha. Angesema, mayu, mruhusu mgeni wako, na bibi angemruhusu, kisha angekaa Krismasi nzima na chungu kilichojaa, akijua kwamba chakula chake kimekataliwa. Zipora alilitafuta neno hilo, akaliona kabisa lilipo, likamshinda.

"Ule kwanza," aliuambia mlango.

Alivuka shamba mbio na kumkuta Cornel mbele ya nyumba yake, akitazama uwazi. Ndani, mbuzi alikuwa amesimama juu ya kitanda.

"Mama Scolastika, nyumba haina mlango."

"Uko kwa Mayu Mbuke. Umeushika kwa mkono wako sasa hivi."

"Nimeushika. Na nimeuandika huko."

"Ni wa kwangu. Mume wangu ndiye aliyeuchonga."

"Najua, Mama." Na kweli alionekana anajua, na alionekana anaona haya. "Sheria haiulizi ni wa nani."

"Subiri robo saa basi. Kaa, nikupe maji."

Karani alitazama jua, akatazama barabara. Alifungua kitabu kwenye mstari wa mwisho na Zipora akauona, mstari mweupe, safi, wenye nafasi ya kutosha kwa mkia wowote. Cornel akaupiga mstari wa wino kutoka mwanzo hadi mwisho, akamtakia heri ya Krismasi, akaondoka. Treni aliiwahi.

Zipora alimtoa mbuzi. Kisha akaketi kizingitini na kulia, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, kwa sababu iliuma na hapakuwa na namna nyingine ya kulisema hilo. Mlango ulirudi karibu na magharibi. Ulikuja polepole, samli inang'aa kwenye bawaba na punje ya mtama kwenye tundu la ufunguo, ukasimama mbele yake bila kujitundika. Zipora aliutazama, akajifuta uso kwa khanga, akaitoa ile punje kwa ukucha.

"Alipika nini?" aliuliza. Halafu akausogeza ndani, akaufunga, wakasherehekea.

Mwezi wa pili, siku ya kura, watu ishirini na watatu wa Mwajidila walikwenda mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe, mlango ukiwa chini na Mbuke juu ya mlango, maana bibi alihitaji kulala na huo ndio uliokuwa wa kulalia. Zipora alitangulia akiimba. Kwenye kituo ilifungwa kamba, na askari aliruhusu waliomo kitabuni tu. Mlango ulipita, kwa kuwa ulikuwamo mara ishirini na tatu. Zipora alibaki nje ya kamba akishika fimbo za wazee na mtoto wa Nyamizi. Alimwonyesha kwa mbali vidole vitatu kila aliyeingia, asije akasahau. Hakuna karatasi hata moja ya Mwajidila iliyoharibika. Mlango ulipotoka, Zipora alimuuliza Bujiku ulifanya nini humo ndani, na Bujiku akajibu kwamba kura ni siri, ila ulisimama mbele ya kibanda cha kupigia na kila mtu akapata faragha.

Thobias aliandika kuuliza kama amepiga kura. Zipora alijibu kwamba nyumba imepiga, na kwamba bawaba ya chini inahitaji skrubu mpya.

Pamba ya mwaka ule ilikubali. Wanakijiji walipouza, kila mmoja alinunua mlango wa mbao, wa kwanza ukiwa wa Bujiku, wenye vitasa viwili. Mwezi wa kumi na moja Cornel alirudi na kitabu kipya. Alikuwa amenenepa kidogo na mkewe bado alikuwa naye. Alipita nyumba zote ishirini na nne akiipongeza milango, kisha akaeleza kwamba milango sasa imekuwa mingi mno, haimtofautishi mtu na mtu. Mwaka huu alikuwa anaangalia madirisha ya vioo. Angerudi wiki ya Krismasi.

Zipora alimwandikia mumewe siku hiyohiyo. Tarehe ishirini na moja Desemba lori lilisimama, likashusha dirisha lenye vioo vinne na barua. Ruhusa ilikuwa imekosekana.

Alilia dakika kumi, maana alikuwa anazoea. Kisha akaliegemeza dirisha ukutani kwa ndani. Tayari lilikuwa linachungulia nje, upande wa kwa Bujiku. Alisonga ugali mkubwa, akapika kuku na mboga ya karanga, akaketi mbele yake.

"Utakwenda, najua utakwenda," alisema, akikata tonge la kwanza. "Lakini kula hapa kwanza. Kula hadi ushibe kabisa, ukifika kwa watu useme umekula, uwahi kurudi."

Dirisha lilikula kwa adabu, kioo kimoja kimoja, hadi likapata ukungu. Zipora alichovya kidole kwenye ukungu ule, akaandika jina lake taratibu, Z yenye mkia mrefu, akalitazama kwa furaha. Alikuwa bado analitazama alipousikia, ng'ambo ya shamba la mihogo, mchi wa Mbuke unaanza kutwanga.