Huyu Swali, Yule Jibu

Kushona kochi ni kazi ya watu wawili, nani asiyejua. Mzee Sponji, kama mtaa ulivyomwita, alikaa mbele ya kochi na kuisukuma sindano ndefu ndani ya egemeo. Mkewe, Bi Uzi, alikaa nyuma, akaipokea, akakaza uzi na kumrudishia. Miaka nenda rudi walishona hivyo, huyu mbele, yule nyuma. Kubadilishana hakukuwepo, maana mzee alikuwa mbishi na alishazoea upande wake.

Kijana wao wa pekee alifia ughaibuni, akaacha mjane na binti mdogo, wote wawili wakijua Kihispania tu. Msiba ulipopoa, mkwe aliandika ujumbe, simu ikautafsiri kwa kuungaunga: mtoto anaogopa watu asiowajua, lakini akiwazoea babu na bibi kwa simu, atamleta likizo ya shule. Bi Uzi alisoma akalia. Kisha akajifuta machozi akasema watajifunza hicho Kihispania, kwani wanaokijua walizaliwa na ndimi mbili?

Binti wa dada yake akawawekea kwenye simu masomo ya kusikiliza. Seremala wa jirani alikuwa na mashine ya randa inayopiga kelele tangu asubuhi, kwa hiyo bila spika za masikioni usingesikia kitu. Walikuwa nazo jozi moja. Waya ukapitishwa juu ya kochi, mzee akachomeka ya kushoto, Bi Uzi ya kulia, sindano ikawa inakwenda na kurudi huku wote wawili wananong'ona. Wateja waliingia wakadhani wamekuta waganga.

Siku ya kwanza kupiga simu, Mzee Sponji aliuliza kama aliyezaliwa huko. Unaitwa nani, una umri gani, umekula? Mtoto akajibu, mzee akabaki ametoa macho. Bi Uzi ndiye aliyeyadaka majibu yote, moja baada ya jingine. Mtoto alipouliza na yeye, mambo yakageuka: mzee alielewa vizuri sana lakini ulimi ukaganda, na Bi Uzi, ambaye swali lenyewe hakulishika, akaambiwa maana yake na mumewe kisha akajibu bila kusitasita.

Walipokata simu ndipo walipogundua. Kumbe mwalimu alirekodiwa akiuliza upande wa kushoto, na mwenzake akijibu upande wa kulia. Mzee alikuwa amekula maswali matupu, mkewe majibu matupu. Walicheka mpaka mbavu zikauma. Bi Uzi akapendekeza wabadilishane masikio kuanzia kesho. Mzee akakataa katakata. Ya nini, alisema, na wao ni kitu kimoja?

Na kweli mambo yalikwenda. Kila Jumapili walikaa bega kwa bega, huyu akiuliza, yule akijibu, na mtoto akaanza kuwaonyesha michoro yake na jino lililong'oka. Mkwe akaandika kwamba anaangalia bei za ndege. Bi Uzi alilala na simu chini ya mto siku hiyo.

Halafu mzee akaharibu. Pale karakana palikuwa na kiti alichokalia kijana wao akiwa mdogo, akisubiri wazazi wamalize kazi. Mteja mmoja akakipenda. Mzee Sponji akageuka akamuuliza mkewe, wakiuze? Bi Uzi akasema hapana. Lakini hilo hapana lilipomtoka, mzee alikuwa ameshakishika miguu anasaidia kukipandisha kwenye mkokoteni.

Bi Uzi hakupiga kelele. Alingoja mkokoteni upotee, akavua aproni.

"Maisha yako yote unauliza," alimwambia. "Jibu hujawahi kulisubiri."

Akachukua mkoba wake akaenda kwa dada yake, mtaa wa nyuma. Mzee akajipa moyo kwamba hasira zitaisha, atarudi mwenyewe. Jumamosi ikapita, hakurudi.

Jumapili simu ikaita. Mzee Sponji akavaa shati safi, akakaa peke yake, akaanza maswali yake. Mtoto akajibu kwa kirefu, na mzee akaitikia kwa kichwa tu, hajui ameambiwa amekula au ameanguka. Mtoto akachungulia kulia na kushoto mwa kioo cha simu, kisha akauliza.

"¿Dónde está la abuela?"

Neno kwa neno mzee alilielewa. Bibi yuko wapi? Hilo lilikuwa lake, la sikio lake. Jibu ndilo hakuwa nalo. Mtoto akauliza tena, sasa kidevu kinatetemeka, na mama yake akasogea nyuma yake kutaka kukata simu. Huyu mtoto alishauliza swali hilohilo juu ya baba yake, na aliyeuliziwa hakurudi tena.

Mzee akainuka. Akatoka na kandambili zake, simu mkononi, akimpungia mkwe mkono kumwomba asubiri, akapita mbele ya watu wa mtaa bila kumsalimia mtu. Shemeji yake akafungua mlango, akamtazama juu mpaka chini, akampisha. Bi Uzi alikuwa jikoni anakata vitunguu. Hakugeuka.

"Anauliza bibi yuko wapi," mzee akasema. "Mimi sina la kumjibu. Nimekosa, mke wangu. Kiti nitakifuata kesho, mwenye nacho akikataa nitamlilia mlangoni."

Bi Uzi akaweka kisu chini. Mzee akasimama hapohapo akisubiri. Hatimaye Bi Uzi akafuta mikono, akapokea simu.

"Aquí estoy," akamwambia mjukuu wake. Niko hapa.

Mtoto akacheka na kulia kwa pamoja. Bi Uzi akavuta kigoda cha pili kwa mguu, akamwonyesha mumewe akae.

"Muulize wanakuja lini," akasema. "Halafu unyamaze."

Mzee Sponji akauliza, akanyamaza.