Kucha Tano za Kayitare

Mume wangu Kayitare ana gitaa tangu mtoto wetu Igihozo alipokuwa darasa la tano. Igihozo sasa ameolewa. Miaka yote hiyo nyumba yetu ya hapa Gisenyi ilisikia wimbo mmoja, tena nusu.

Si gitaa la kwaya wala la baa, la kukwaruza huku watu wanacheza. Lake ni lile la nyuzi za nailoni, la kudonoa kidole kimoja kimoja, mtu amekaa wima, mguu wa kushoto juu ya kibao kana kwamba anangoja kung'arishiwa viatu. Aliona mtu akilipiga hivyo kwenye simu, akaja dukani macho yamemtoka, akaniambia hiyo ndiyo kazi aliyoumbiwa. Mimi ni fundi cherehani, yeye anauza vitambaa upande wa pili wa duka hilohilo, mbele ya nyumba yetu. Nikamjibu kwamba kuna wateja watatu wamesimama, labda na kuwauzia ameumbiwa kidogo.

Basi akajifunza. Alinunua kibao cha mguu, kisha cha pili, kwa sababu cha kwanza kilimnyima utulivu. Akaweka kwenye simu kile kidude cha kuhesabu mapigo, kikagonga tik tik hadi mama yake, Bibi Saidati, akaenda kukagua bomba la maji. Ari ikimwisha, alitazama video za namna ya kurudisha ari. Alizitazama moja baada ya nyingine, gitaa likiwa ndani ya mfuko wake, halafu akanyoosha mgongo na kusema leo amefanya kazi.

Bidii iliyobaki yote iliishia kwenye kucha. Wapigaji wa aina hiyo hufuga kucha za mkono wa kulia, kwa kuwa ndizo zinazogusa uzi. Kayitare alizifuga zote tano, hata ya kidole kidogo ambacho hakigusi chochote, akazilainisha kwa msasa kila asubuhi kabla ya chai. Siku moja zikachana satini ya mteja, nami nikaomba radhi kwa niaba ya sanaa. Lakini aliyeteseka zaidi ni mama yake. Katika nyumba hii kucha hukatwa Ijumaa kabla ya msikiti, zikafungwa kwenye karatasi na kuzikwa nyuma ya jiko, na mkasi anaushika Bibi Saidati. Kila Ijumaa alimfuata mwanawe chumba hadi chumba.

"Mukono moja ya Muislamu, mukono ingine ya chui," alikuwa akisema. "Leta!"

Kayitare alimpa wa kushoto tu.

Wimbo wenyewe ulianza vizuri, sikatai. Ila mahali fulani katikati, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinatakiwa kufika mbali, nacho hakifiki. Mimi sijui muziki, lakini ile sauti ya kukosea niliijua kama ninavyojua sindano iliyovunjika. Ikitoka tu, nilipaza sauti kutoka kwenye cherehani, pini mdomoni: "Umekosea!" Wateja walicheka, nami nilipenda wakicheka. Kayitare alirudi mwanzo. Akikosea tena, nikasema tena, akarudi tena.

Siku wakwe kutoka Kanama walipokuja kumposa Igihozo, mtoto akageuka kwa baba yake mbele ya watu wote.

"Papa, mi nataka zawadi moja. Siku ya ndoa yangu unipigie ile wimbo mupaka mwisho. Mwanzo naijua sana."

Kayitare akaahidi. Wakwe wakapiga makofi. Mimi nikaangalia chini.

Ndoa ikafungwa Ijumaa, baada ya sala ya mchana. Wageni walikuwa wamejaa uani, pilau imeshapakuliwa, Kayitare akaniita chumbani na kunionyesha mkono wa kulia. Kucha hakuna hata moja. Zimekatwa hadi kwenye nyama.

"Ni Mama," akasema. "Nililala kidogo asubuhi, akanikata. Bon, sasa ntapiga na nini? Umwambie mutoto pole pole."

Nilienda jikoni nimewaka. Bibi Saidati aliweka upawa chini.

"Mi? Wallahi sikumukata! Nimemukimbiza miaka yote akiwa macho, ndiyo nimuvizie kwa usingizi siku ya furaha? Uende ukaangalie nyuma ya jiko kama iko kitu nimezika."

Nikarudi chumbani, nikafungua mfuko wa gitaa. Chini kabisa palikuwa na kipande cha msasa kilichokunjwa. Ndani yake, kucha tano, zimepangwa vizuri. Bibi Saidati angezizika. Aliyeshindwa kuzizika ni yule aliyezifuga.

"Umejikata mwenyewe," nikasema.

Hakubisha. "Nimeogopa, Mama Igihozo. Bila kucha, hakuna mutu atanilaumu."

Hasira zilinipanda. Juu ya meza palikuwa na pakiti ya kucha za bandia alizobakiza Igihozo, za zambarau zenye vimeta, pamoja na gundi yake.

"Umeshaswali?" nikauliza, maana kucha za bandia huzuia maji ya udhu.

"Nimeswali."

"Leta mkono."

Nilizibandika zote tano, nikazipunguza kwa mkasi wangu wa kitambaa. Akatoka uani na kucha za bibi harusi. Watu wa Kanama walicheka hadi wakashika mbavu. Bibi Saidati alijifunika uso kwa mtandio. Igihozo peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa mbele, mikono magotini, anangoja.

Akapiga. Ukapita mwanzo tunaoujua sote, kisha tukafika pale. Kidole hakikufika, ile sauti ikatoka, na Kayitare akasimamisha mkono. Hakumtazama mtoto wala wakwe. Alinitazama mimi.

Alikuwa anangoja niseme. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa akimrudisha mwanzo miaka yote ile, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Watu wote uani wanamtazama yeye, na mimi ndiye niliyetaka ardhi inimeze.

"Endelea," nikasema.

Akaendelea. Mwisho wenyewe haukufika hata nusu dakika. Kucha moja ya zambarau ikadondoka kwenye saruji, na wimbo ukaisha. Igihozo alikuwa analia.

Bibi Saidati akaniinamia sikioni. "Ni hiyo tu? Mi nilifikiri mwisho iko mbali."

"Hata mimi, Mama," nikasema.