Siku Mayu Holo Alipowarudisha Wapiga Ngoma

Mama mkwe wangu, Mayu Holo, na mimi tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Yeye mfumu, mganga wa mizimu aliyeheshimika upande wote wa Mwadui. Mimi Mwamvua, mtoto wa Kiislamu wa Shinyanga mjini, mwenye mdomo. Kwa hiyo nikimsifu msidhani ni mazoea.

Mwaka 1972 binti yangu Limi, wa miaka tisa, alianza kuchezwa na viungo. Mkono unaruka wenyewe, bega linapanda, uso unakunjamana pasipo sababu. Vikombe vikawa vinamponyoka, na shuleni akachapwa kwa mwandiko mbaya. Mzee Mabula, shemeji yake Mayu, akatangaza kwamba mizimu imemchagua mtoto arithi ufumu wa bibi yake. Ukoo ukafurahi, maana Mayu alikuwa mzee na hana mrithi. Pombe ikapikwa, mbuzi akaletwa, wapiga ngoma wakaitwa. Limi angechezeshwa mpaka mizimu iseme. Nililia, nikagomba, nani anisikilize?

Mchana wa siku yenyewe Limi alisinzia mkekani. Mwili ukatulia kabisa. Mayu akakaa kando akimtazama tu. Alipoamka, mikono ikaanza tena. Mayu akampa vidole viwili avishike, akamwambia asiachie. Limi alikaza, akaachia, akakaza, akaachia, huku machozi yanamtoka.

"Ananikamua kama ng'ombe," Mayu alisema. "Anataka kushika, hawezi." Akamgeukia Mabula. "Shemeji, wapiga ngoma warudi kwao."

"Mizimu imeita, shemeji."

"Mimi niliitwa, najua kuitwa kulivyo. Huyu anaumwa."

"Na ufumu wako atarithi nani?"

Mayu alijifunga khanga, akaniambia nimbebe mtoto twende hospitali ya Kolandoto. Ukoo mzima ulikuwa pale ukisikia. Alijua watasema nguvu zimemwisha, na kweli walisema, na wateja wakapungua. Mimi nisingethubutu hata nusu yake.

Hospitali, daktari alisikiliza moyo wa Limi muda mrefu, kisha akauliza kama aliwahi kuumwa koo. Nikakumbuka: wiki kadhaa nyuma alikuwa na homa, hata uji haumezeki. Akatueleza kwamba maradhi ya koo yanaweza kuacha sumu inayogusa ubongo, viungo vikajichezea bila mtoto kupenda. Moyo nao ulikuwa umeguswa. Alale, apumzike, achomwe sindano ya penisilini kila mwezi.

"Angecheza ngoma?" Mayu aliuliza.

"Kwa moyo huu, mama, usijaribu."

Mayu akakaa sakafuni, khanga usoni. "Leo ningemuua," alisema. Nikakaa karibu yake, nikamshika. Ilikuwa mara ya kwanza.

Ilichukua miezi, lakini viungo vya Limi vilitulia. Mayu Holo alifariki mwaka 1985, na ufumu wake haukurithiwa na mtu. Aliyemfumba macho alikuwa Limi, mwanawe mgongoni.