Kamba ya Mlango wa Pijo

Fundi akiharibu kazi mimi humtukana hata kama hayupo. Siku ile nilitukana kweli kweli.

Mzee Mithika, mkulima wa ndizi hapa Mitunguu, aliniletea pikapu yake ya zamani, Pijo 404. Mlango wa abiria ulikuwa umeliwa na kutu huko chini mpaka unaona barabara, na ulifungwa kwa kamba ya katani. Jumamosi yeye na mkewe Nelius, Mama Kawira, walikuwa wafunge ndoa kanisani, baada ya kuishi pamoja miaka thelathini. Lakini Nelius alikuwa ameapa: haendi kanisani akiwa amefungiwa kwa kamba kama mbuzi wa soko. Mlango usipofungika bila kamba, hakuna harusi.

"Nimeutengeneza mara tatu, unaoza tena," Mzee aliniambia. "Mama Kawira anasema natafuta mafundi ovyo kwa sababu upande huo ndiko anakokaa yeye."

Nikaukata. Chini ya rangi nikakuta filla, ile lipu ya kuzibia kutu, waliyorundika mafundi waliotangulia, na chini ya filla kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Tena matundu ya kutolea maji ya mvua yalizibwa yote, maji yakabaki ndani yakila chuma.

"Ni mjinga gani alifanya hivi?" nikauliza. Mzee alikuwa ameenda kunywa chai. Nikageuza ule mkebe, nikakuta jina lililokwaruzwa kwa msumari: NJIRU.

Njiru ni mimi. Gari hilo Mzee alilinunua Manyatta, kule Embu, nilikojifunzia kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, majivuno tele, nikaziba matundu eti vumbi lisiingie. Niliuficha mkebe mfukoni, nikachomelea bati jipya, nikatoboa matundu, nikapaka rangi.

Jumamosi Nelius alikuja na gauni lake jeupe. Akaufunga mlango, ukashika. Akaufungua, akaufunga tena.

"Kumbe fundi mzuri alikuwepo," alimwambia mumewe. "Ni mimi tu sikustahili."

Mzee aliinamisha kichwa. Nikashindwa kuvumilia, nikautoa mkebe.

"Mama Kawira, mwenye makosa ni mimi."

Nikaeleza yote. Akalisoma lile jina, akacheka mpaka akaegemea gari.

"Baba Kawira, nimekugombeza bure miaka yote hii," alisema, akamshika mkono. Akanigeukia mimi. "Na wewe panda nyuma na kamba yako. Mlango ukifunguka, utaushikilia mpaka kanisani."

Nilipanda na ovaroli yangu. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona Nelius akiuacha mlango wake na kusogea karibu na Mzee.