Asililiwe Kabla ya Matokeo

Mwalimu Zablon Mayaka alipomwomba mama aliyempangisha chumba asimlilie mwanawe hadi washindi watangazwe, hakuona kama anaomba jambo kubwa. Aliliomba kwa adabu, amesimama mlangoni na karatasi ya masharti mkononi, na mama wa watu akakubali. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa siku ile hakuna aliyejua.

Mama huyo watu wa Osiri walimwita Nyar Kabuoch, yaani binti wa Kabuoch, kwa kuwa aliolewa kutoka huko upande wa Homa Bay. Mwanawe Okinda alikuwa mchimba dhahabu. Mwaka wa tisini na sita shimo lilibomoka akiwa ndani. Wenzake walifukua mpaka kucha zikang'oka, wakashindwa kumfikia, na mwishowe wakaacha. Waluo wana njia yao kwa mtu ambaye maiti yake haipatikani. Huchuma tunda la mwegea, lile refu na zito wanaloliita yago, wakalivika sanda, wakalizika badala ya mtu na kulililia kama mtu. Na kulilia huko si machozi tu. Mama husimama kando ya kaburi akamsimulia marehemu kwa sauti ya wimbo, tangu alivyozaliwa hadi alivyokufa, upumbavu wake na uhodari wake, ili kila mwenye masikio ajue ni nani anayeshushwa. Asiyesimuliwa hivyo amefukiwa tu, kama mbwa.

Katika kazi hiyo Nyar Kabuoch alikuwa fundi. Walimwita matanga ya mbali awafungulie kilio, naye akifungua kinywa hata majirani waliokosana na marehemu walitafuta leso. Lakini huyu sasa alikuwa wake. Alimwambia shemeji yake Abuto, aliyekuwa mkubwa wa boma, ampe nafasi. Akawa anayapanga maneno polepole, shambani akipalilia, jikoni akipuliza moto, na Zablon alimsikia kupitia ukuta wa udongo akirudia kipande kimoja mara nyingi mpaka kimkae mdomoni.

Zablon alikuwa Mkisii, Msabato, mwalimu wa shule ya msingi asiye na cheti. Alikuwa mtu wa masharti. Hata barabara tupu ya Osiri aliivuka kwa kuangalia kulia, kushoto, na kulia tena, na watoto wa shule walimwigiza. Alikuwa na ndoto moja tu, nayo hakuwa amemwambia mtu: alitaka kuwa mwandishi. Kwa hiyo alipoona tangazo limebandikwa ukutani pale posta ya Migori, la Shindano la Hadithi la Kalamu ya Ziwa, alilisoma mara mbili. Kiingilio kilitumwa pamoja na hadithi. Washindi wangetangazwa redioni mwezi wa Novemba, na hadithi ya kwanza ingesomwa yote hewani, neno kwa neno.

Hadithi hakuwa nayo. Lakini ukuta ulikuwa umempa moja.

"Watasoma jina yake kwa redio?" Nyar Kabuoch aliuliza alipoelezwa. "Hata kule Kabuoch watasikia?"

"Hata Mombasa, mama."

Mwanamke akaingia ndani, akatoka na kipande cha nailoni kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na chembe ya dhahabu, ya mwisho aliyoitoa Okinda kabla ya shimo kumla. "Mwalimu, hii ndiyo italipa hiyo kiingilio," akasema. "Yeye mwenyewe ajilipie safari." Zablon alikataa, kisha akakubali. Mshahara wake ulikuwa haujaja, na kwa kweli aliitaka nafasi ile kuliko alivyotaka kuonekana mwema.

Basi mama akaketi, akamsimulia yote. Alisimulia kwa Kiswahili chake cha sokoni kilichochanganyika na Kiluo, akicheka mahali na kusita mahali. Okinda mkubwa na mabega yake yote alikuwa akiogopa chura. Shimoni alipiga mluzi muda wote, ili walio juu wajue bado yu hai, na siku ile mluzi ulikatika katikati ya wimbo. Alikuwa amevaa sweta ya njano ya dada yake, ya mikono mifupi kwake, kwa kuwa yake ilikuwa kwenye kamba haijakauka. Zablon aliandika mbio mbio. Usiku aliyanyoosha, akayatia Kiswahili cha vitabu, mpaka yakang'aa.

Sharti moja lilisema hadithi isiwe imewahi kuchapishwa, kusomwa wala kusimuliwa hadharani kabla ya matokeo. Jingine lilisema utumwe mwandiko halisi, nao hautarudishwa. Mtu mwingine angeyaruka. Zablon aliyasoma akaingiwa na hofu, kwa sababu aliona wazi kwamba kilio cha mama na hadithi yake ni kitu kimoja. Matangani Osiri watu hutoka kila upande. Je, akisikia mtu wa shindano? Ndipo alipokwenda kusimama mlangoni na karatasi yake.

"Ni mpaka Novemba tu, mama."

"Novemba si mbali," Nyar Kabuoch alisema. "Amekaa huko chini mwaka mzima. Na wewe umesema ni sheria."

Hadithi ikaenda posta, na toka siku hiyo ukuta ulinyamaza. Mwanzoni Zablon alishukuru. Nyar Kabuoch hakuimba shambani, hakuimba jikoni, na walipokuja kumwita matanga ya watu aliwaambia sauti yake imeshikwa mahali, kwa kuwa aliogopa asije akamlilia wake ndani ya kilio cha mwingine. Abuto alifoka. Boma lilikuwa limekwama, alisema, mdogo wa Okinda hawezi kujenga wakati kaka yake hajalazwa, na hii yote kwa sababu ya Mkisii na karatasi yake. Nyar Kabuoch alimjibu kwamba mwanawe atazikwa akiwa na jina, si kimyakimya.

Novemba ikaja na mvua zile za El Nino. Mashimo yalijaa maji, madaraja yakaenda, na Zablon alikaa na redio ya mama sikioni akizifufua betri kwa kuzianika juani, pale jua lilipopatikana. Redio ilisema habari za mafuriko. Desemba ilisema habari za uchaguzi. Mama aliuliza kila jioni kama bado, na Zablon alisema bado, barua zimekwama, hata serikali imekwama, mama, sembuse majaji. Alikuwa akiamini. Aliandika barua ya kuulizia, kwa heshima kubwa, na nyingine kwa heshima kubwa zaidi. Mpaka mahindi ya mwaka mpya yakaota na kufika magotini, hakuna aliyemjibu.

Mwisho alivaa shati lake la Sabato akaenda Homa Bay mwenyewe.

Aliulizia huku na huku, kwa maana tangazo lilikuwa na sanduku la posta la Homa Bay tu. Mwuza magazeti ndiye aliyemwelekeza, kwa uvivu, kama mtu aliyeulizwa mara nyingi: chumba cha nyuma ya duka la nyavu, karibu na pale samaki wanapopakuliwa. Alikuta msichana ameketi mezani, mbele yake bahasha zimepangwa vizuri. Jina lake Jedidah. Zablon akajitambulisha, akaeleza shida yake tangu mwanzo, akamalizia kwa kuomba radhi kwa usumbufu.

"Majaji bado wanasoma," Jedidah alisema bila kuinua kichwa.

"Tangu mwaka jana?"

Hapo msichana alimwangalia. Akaisogeza bahasha moja, akairudisha ilipokuwa. "Mwalimu, hata mimi niliandika," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuja hapa kuuliza kama wewe. Mwenyewe akaniambia, si ungoje hapa hapa, ukipokea barua, matokeo yakitoka utakuwa wa kwanza kujua. Ndiyo nangoja."

"Majaji ni akina nani?"

"Sijawahi ona jaji."

"Na hadithi zetu?"

"Mdosi hukuja na gunia anabeba. Anatoa zile pesa za kiingilio, karatasi anabeba na gunia. Anasema anapelekea majaji."

"Wapi?"

"Sijui, ndugu yangu. Kwa Mungu, sijui."

Zablon aliomba apekue zilizobaki. Alizipekua zote, za watu wa Ogwedhi, wa Kisii, wa Mbita, mwandiko mzuri na mbaya, nyingine zimeandikwa nyuma ya karatasi za mtihani. Yake haikuwamo. Akaomba anwani ya huyo mdosi, mwenye shindano. Jedidah aliandika kwenye kipande cha karatasi akampa, na ilikuwa ni lile lile sanduku la posta alilokuwa akiliandikia. Alitaja polisi. Jedidah akasema kuna mmoja alikwenda, akaulizwa ameibiwa nini, akasema hadithi, wakacheka mpaka akatoka. Ukutani juu ya kichwa chake palikuwa na tangazo jipya, wino wake bado unanukia: Shindano la Pili, hima, nafasi ni chache.

Alipokuwa akiondoka Jedidah alimwuliza, pengine kwa huruma, pengine kwa kuchoka na ukimya wa chumba kile, "Yako ilikuwa inahusu nini?"

Zablon alifungua mdomo. Kisha akaufunga. "Bado haijatangazwa," akasema, na neno hilo likatoka kabla hajajizuia. Alisimama pale kati ya nyavu mpya akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Hata sasa, hata baada ya kuona kila kitu kwa macho yake, bado alikuwa akifuata masharti.

Nyar Kabuoch alikuwa amekaa nje akichagua maharagwe Zablon aliporudi. Njia nzima alikuwa ameandaa uongo wa kumpooza, majaji, Nairobi, mwezi ujao. Alipomwona alishindwa. Alimwambia kweli yote, kwamba hakuna majaji, hakuna redio, na karatasi zilikwenda na gunia.

Mama aliendelea kuchagua maharagwe. Baada ya muda akauliza, "Sasa mtoto yangu iko kwa nani?"

Zablon alichuchumaa mbele yake.

"Mlilie, mama," alisema. "Hakuna sheria tena. Nilikosea, nakuomba, mlilie."

Abuto hakungoja kuambiwa mara mbili. Tunda la mwegea lilichumwa, likaviringishwa shuka jeupe, likalazwa kaburini chini ya mti wa bomani. Watu walikuja kwa wingi, wachimbaji na vumbi lao, wanawake waliowahi kufunguliwa kilio na Nyar Kabuoch nyumbani kwao, sasa wamekuja kumlipa. Walimzunguka, wakaacha nafasi, wakanyamaza ili aanze.

"Okinda," alisema. Akavuta pumzi. "Okinda wuoda." Okinda mwanangu.

Wakangoja. Midomo yake ilikwenda bila sauti, kama mtu anayetafuta funguo gizani kwenye mfuko wa nguo. Muda wote ule alikuwa akiyasukuma maneno chini kila yalipopanda, kwa sababu mwalimu alisema ni sheria, na sasa alipoyaita hayakuja. Mwanamke mmoja alijaribu kumsaidia kwa kupiga yowe, lakini lilikuwa yowe tu, la mtu yeyote. Likafa.

Nyar Kabuoch akageuka akamtafuta Zablon kati ya watu. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye ulimwandika. Nilikupatia yote. Nipe mwanzo tu, nitafuata."

Watu wakampisha. Zablon alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi, akazikusanya kumbukumbu zake zote. Alitaka kumpa kwa nafsi yake yote. Alijua kulikuwa na nguo ya rangi fulani, kulikuwa na mnyama aliyemtisha, nyoka labda, kulikuwa na jambo juu ya sauti. Lakini hayo alikuwa ameyaandika mara moja na kuyanyoosha, na kilichomkaa kichwani, kizima, bila kukosa nukta, kilikuwa ni sentensi aliyoipenda kuliko zote, ile aliyokesha akiipamba. Hakuwa na kingine. Akaisema.

"Jua la alasiri lilikuwa likizitandaza nywele zake za dhahabu juu ya vilima vya Osiri," alisema kwa sauti iliyokatika, "pale kijana shupavu, fahari ya ukoo wake, alipoteremka kuikabili ajali yake pasi na woga."

Wachimbaji walitazama chini. Mtu mmoja alikohoa. Nyar Kabuoch alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, akingoja mahali pa kuingilia.

"Huyo si wangu, Mwalimu," akasema taratibu, bila hasira yoyote.

Akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akaanza kumfukia.